Makazi ya Wapolandi Kidugala

Kidugala ni kijiji cha Wilaya ya Wanging'ombe, mkoani Njombe, upande wa Makambako. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na makazi ya wakimbizi wa Kipolandi. Makazi ya namna hiyo Tanganyika yalikuwa pia Tengeru, Ifunda, Morogoro na Kondoa.

Kwa asili, wakazi wake walikuwa watu waliong'olewa makwao kwa nguvu. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamishia Siberia na Kazakhstan. Mkataba wa Julai 1941 kati ya serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London na Wasovieti ndio uliowafungulia mlango wa kutoka. Mwaka 1942 walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran, na kutoka huko takriban watu 18,000 wakaletwa Afrika. Wanaume wenye nguvu walibaki katika jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders, kwa hiyo waliofika walikuwa hasa wanawake, watoto na wazee. Kipande cha mwisho cha safari kilikuwa cha barabara, kwani reli haikufika Makambako hadi TAZARA ilipojengwa miaka ya 1970.

Kwa majengo, makazi hayo yalikuwa ya aina mbili. Tengeru, iliyopokea watu wapatao 5,000, ilijengwa tangu mwanzo kwa vibanda vya duara vilivyoezekwa nyasi. Kidugala, iliyokuwa ndogo zaidi, ilitumia majengo ya Misheni ya Berlin, ambayo wamisionari wake Wajerumani walikuwa wameondolewa kwa sababu ya vita. Hivyo wakimbizi hao, wengi wao Wakatoliki, wakapata hifadhi kwenye misheni ya Kilutheri.

Kwa shughuli, shule ndiyo iliyotangulia yote. Watoto walisoma kwa Kipolandi, mara nyingi kwa kuandika imla, kwa kuwa vitabu vilikuwa haba. Hilo linastahili heshima: akina mama waliopoteza kila kitu hawakukubali watoto wapoteze na elimu.

Kidugala ilikuwa na karibu kila kitu cha mji isipokuwa haki ya kubaki. Julai 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali ya Poland iliyokuwa London, na tangu 1947 wakimbizi wakawa chini ya Shirika la Kimataifa la Wakimbizi. Wachache walirudi Poland, ambayo sasa ilikuwa chini ya Wakomunisti. Wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Misheni ilirudi mikononi mwa Walutheri, ambao leo wana seminari hapo.