Vijana Wasiojua Kusoma: Historia ya Kalasi Zetu



Katika kurasa hizi wengine wamehesabu majengo na wabatizwa. Sisi makatekista tumechagua kuandika juu ya kijana wa miaka 14 anayeketi nyuma ya kalasi. Ananakili ubao wote kwa mwandiko mzuri, lakini akiulizwa maana ya mstari mmoja anainamisha kichwa. Watu humwita mvivu. Historia yatoa jibu lingine.

Mwaka wa 1922 Roma ilisimamisha Prefektura ya Kitume ya Lulua na Katanga ya Katikati, nao Wafransiskani wa Ubelgiji wakapewa kuichunga. Katekista alifundisha sala na herufi pamoja, kwa Kiluba. Mapatano ya 1925 kati ya serikali ya Wabeleji na misioni yalileta feza na programu. Kalasi za kwanza zilibaki katika lugha ya wenyeji. Tusizisifu kupita kiasi: wengi waliishia hapo, na mlango wa masomo makubwa ulikuwa mwembamba sana. Lakini mtoto alisoma neno ambalo sikio lake lilikwisha kulijua.

Mwaka wa 1928 reli ya BCK kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Kamina ikawa mji wa reli, na Kiswahili kikashika soko. Baada ya uhuru wa 1960, Kifransa kikawekwa tangu kalasi ya kwanza. Basi mtoto wa Katoto alipata Kiluba kwa mama, Kiswahili sokoni, na herufi katika lugha ya tatu. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 yataka masomo ya msingi yafundishwe kwa lugha za taifa ama za wenyeji. Kuandika sheria ni rahisi kuliko kupata vitabu. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, jambo jema, ila kalasi zilifurika, na mwalimu mwenye umati hawezi kumrudia aliyebaki nyuma.

Kijana huyu asikalishwe kati ya watoto wa miaka 6. Haya itamfukuza kabla ya Noeli. Nchini kuna vituo viitwavyo CRS, vinavyokusanya miaka 6 ya masomo ya msingi katika miaka 3, kwa wenye miaka 9 mpaka 14, na mtihani wa mwisho ni ule ule wa wengine. Sisi twaona kituo cha namna hiyo kianze kwa lugha ya kijana na maandiko anayohitaji: jina lake, bei ya mahindi, tikiti ya reli, Injili ya Dominika. Kifransa kifuate. Tena mwalimu amsikilize akisoma peke yake, mbali na macho ya wenzake, ijapokuwa dakika 10 kwa siku.

Chumba cha katekisimu ni kitupu kila asubuhi, tangu Jumatatu mpaka Ijumaa.