Februari ya Bibi

Hadubini niliinunua Kariakoo kwa shilingi elfu arobaini na tano. Ni kidude kinene kuliko kidole gumba, kina taa nane mdomoni na waya wa kuchomeka kwenye kompyuta. Boksi lake linadai kinakuza mara 1000. Uongo huo tuusamehe. Hata mara hamsini zinatosha stempu ijae kioo kizima.

Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu posta ya pwani, tangu Wajerumani walipofungua ofisi yao Bagamoyo mwaka 1890. Nilichokitaka ni stempu zao zenye meli ya Kaizari, zile ambazo mwaka 1905 ziliacha kuhesabu kwa pesa zikaanza kuhesabu kwa heller, sarafu iliyotuachia neno hela. Nilipokwenda Miono likizo nikabeba hadubini nimwonyeshe Bibi. Yeye akanitolea bahasha.

Bahasha tupu. Barua yenyewe ililiwa na mchwa zamani. Ilitoka kwa Babu, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko Korogwe, na ndiyo ya mwisho. Bibi husema siku zote kwamba ilifika mwaka wa mapinduzi ya Unguja, askari wa Colito walipokuwa wametoka tu kuasi, na kwamba mwalimu aliyemsomea alimwambia: mumeo anasema usiachie shamba la mikorosho. Wadogo zake Babu walikuwa na lao. Kaka yetu kanyamaza tangu mwaka wa uhuru, mke hana mume, shamba lirudi kwenye ukoo. Ushahidi wao ulikuwa bahasha hiyohiyo. Stempu ina bendera ya Tanganyika na maandishi "Uhuru 1961". Wakasoma 1961, kikao kikafungwa. Bibi hajui kusoma.

Nikaiweka bahasha mezani, nikashusha hadubini. Muhuri wa posta, ambao kwa macho ni doa jeusi tu, ukafunguka: KORO, kisha FEB, kisha 6, na baada ya 6 mstari mmoja uliosimama. Baba mdogo, mtoto wa mmoja wa wadogo hao na ndiye anayelima shamba leo, alikuwa nyuma yangu.

"Si hiyo, 61," akasema.

Hapo ndipo tasnifu iliponifaa. Kabla ya uhuru tulitumia stempu za pamoja na Kenya na Uganda, zenye kichwa cha Malkia Elizabeth. Stempu za Tanganyika huru zilitoka siku yenyewe ya uhuru, 9 Desemba 1961. Februari ya mwaka huo stempu hii haikuwepo dirisha lolote la posta. Haiwezi kugongwa muhuri miezi kumi kabla haijazaliwa.

Nikazima taa za hadubini, nikamulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Kushoto kwa ule mstari, kati ya nyuzi za karatasi, ukatokea wino uliofifia ukishuka mshazari, na chini yake kipande cha mstari wa kulala. Nne. Sikuiona wazi kama ninavyoiandika hapa, na kwa wino ule peke yake nisingeapa. Lakini moja ilikuwa imeshajiondoa yenyewe.

Darasani tunafundishwa kupima simulizi za wazee kwa nyaraka. Nyaraka hii ilikuwa sandukuni miaka yote, imesomwa vibaya na waliojua kusoma.

"Sasa unaniambia kipi kipya, mume wangu?" Bibi akasema. "Si niliwaambia?"

Alichotaka yeye ni jina lake, lile Babu aliloliandika kwa mkono. Nikasogeza hadubini taratibu. Herufi sita zikapita kiooni mojamoja, kila moja kubwa kama sufuria, na ya mwisho akaniomba niirudie.

Baba mdogo aliomba nimtumie picha ya ule muhuri kwa WhatsApp. Nilimtumia jioni hiyohiyo. Tiki zimegeuka buluu; hajajibu.