Kalinzi Ndani ya Memwari

Mwanafunzi wa Bukavu anayeandika memwari, yaani tasnifu ya kuhitimu chuo, kuhusu Bashi, wenyeji wa Kivu, huanza na Padri Colle, atake asitake. Colle, wa Mapadri Weupe, alitoa monografia yake ya Bashi mwaka 1937. Ikachapwa upya hapahapa Bukavu mwaka 1971. Nami nilimnukuu, maana sura ya kwanza bila Colle hakuna direkta, msimamizi wa memwari, anayeipokea.

Baada ya mapadri wakaja wataalamu wa mishahara. IRSAC, taasisi ya utafiti ya Wabelgiji, ilianzishwa mwaka 1947 na kujengewa Lwiro, upande wa Kabare. Mtafiti wake, Daniel Biebuyck, alikwenda kwa Warega, kisha kwa Wanyanga, ambako mwaka 1956 Candi Rureke alimsimulia utendi wa Mwindo. Kitabu kilipotoka mwaka 1969 kilikuwa na jina la Kahombo Mateene kando ya lake. Sasa watoto wa nchi nao walikuwa wanashika kalamu.

Wengi wao walikuwa wanafunzi. UNAZA, chuo kikuu cha taifa la Zaire, ilipoundwa mwaka 1971, wenye kutaka sayansi ya jamii walielekea Lubumbashi. Waliobaki waliandika historia ISP, chuo cha ualimu cha Bukavu, alikokuwa Bishikwabo Chubaka. Kazi zao ninazipenda kuliko vitabu vya wakubwa, na ninajua nasema nini: karatasi zimegeuka manjano, wino umefifia, utangulizi umejaa nadharia za Paris ambazo hazirudi tena mpaka hitimisho.

Lakini nenda katikati. Somo langu lilikuwa kalinzi katika Ngweshe, uchifu wa Bashi. Vitabuni kalinzi ni kanuni iliyonyooka: unampa chifu ng'ombe, unapata shamba ambalo watoto wako watalirithi. Asiye na ng'ombe huchukua bwasa, shamba la kukodi kwa msimu, na humo hapandi mgomba, kwa sababu mgomba unakaa miaka, na anayekaa miaka atadai. Katika memwari kanuni hiyo ni ugomvi. Kuna mjane ambaye shemeji zake wanasema ng'ombe hakutolewa kamwe. Kuna chifu mpya anayetaka mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza aliliwa na baba yake. Mwanafunzi aliyeuliza alikuwa mjukuu wa aliyetoa ng'ombe, na watu hawakumficha aibu zao.

Udongo wenyewe ulikuwa umekwisha kubanwa. Comité National du Kivu, ya mwaka 1928, iligawia masetla ardhi iliyoitwa tupu. Kisha sheria ya 1973 ikafanya ardhi yote kuwa ya Serikali, na ile ya kimila ikaahidiwa amri ya Rais ambayo haikutoka. Mwenye kujua njia za ofisi mjini alipata hati ya kilima. Aliyekikalia alikuwa na kumbukumbu ya ng'ombe tu.

Mimi ni mtoto wa Kadutu, mjini Bukavu, na Mashi yangu, lugha ya Bashi, inachechemea, kwa hiyo Walungu, huko Ngweshe, nilikwenda na shangazi. Yeye ndiye aliyepata habari zote nzuri, akimenya viazi na wenye nyumba huku mimi nimeshika daftari. Muzee mmoja, aliyekuwa anashindana na jirani juu ya mstari wa migomba, aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, hiyo kitabu itapigwa kashe ya chuo?" Nikamwambia ndiyo, muzee, muhuri utapigwa.

Direkta aliagiza majina ya watu yaondolewe, yawekwe herufi. Ndiyo desturi ya fani yetu, na ina sababu nzuri. Nilipompelekea muzee nakala, mjukuu wake akamsomea kurasa za Walungu, akizigeuza Mashi polepole. Muzee akamsimamisha.

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe ni M."

"Mbele ya baraza nitasema mimi ni M?"

Akaniletea kalamu. Nikaandika pembeni mwa ukurasa jina lake, la baba yake, na la chifu aliyepokea ng'ombe, kisha nikatia saini.