Siku mawese yalipotembeza basi

Salamabila, Kabambare. Kamyo ikichelewa kupanda kutoka Uvira kwa njia ya Fizi na Lulimba, iwe ni kwa matope ao kwa watu wenye bunduki, bidoni la mazuti linapanda bei, na mama aliyebeba mihogo yake kwenye mashini ya kusaga anarudi nayo nyumbani. Ndipo swali moja linarudi midomoni mwa watu: hapa tumezungukwa na ngazi, mafuta ya mawese tunakamua wenyewe, kwa nini mashini isinywe mawese?

Swali hilo si la mchezo. Lilijibiwa zamani, zaidi ya miaka 80 iliyopita, lakini jibu halikufika kijijini.

Tuanze na mwenye motere yenyewe. Rudolf Diesel alikuwa mwanafunzi huko München, Ujerumani, alipomsikia mwalimu wake Carl von Linde akifundisha kwamba mashini ya mvuke inatumia kama 6 hadi 10 kwa mia tu ya joto la makaa, na lililobaki linapotea bure. Mwanafunzi akaishika hesabu hiyo kichwani miaka mingi. Mwaka 1897, huko Augsburg, motere yake ilipimwa na kuonekana inatumia karibu 26 kwa mia. Haina cheche ya kuwasha. Inabana hewa mpaka hewa inakuwa moto, halafu mafuta yanarushwa ndani na kuwaka yenyewe.

Miaka 3 baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, motere ndogo ya namna hiyo ilitembea kwa mafuta ya karanga. Wageni wengi hata hawakutambua. Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo mafuta ya mimea yetu yalikuwa kwenye hesabu ya wakubwa.

Wabeleji nao walikuwa na hesabu yao. Kuanzia 1911 kampuni ya Lever ilipewa maeneo makubwa ya ngazi katika Kongo, na ukataji wa ngazi ukawa mzigo wa watu kwa nguvu. Mwaka 1931 Wapende wa upande wa Kwilu na Kwango walikataa, na mamia yao wakauawa na askari wa serikali. Mawese yaliyokuwa yakivuka bahari yalikuwa yametoka katika jasho hilo, na wakati mwingine katika damu.

Huko Bruxelles, katika chuo kikuu, mkemia Georges Chavanne alichunguza ugumu ambao kila mama wa Maniema anaujua: mawese ni mazito, na asubuhi ya baridi yanaganda ndani ya chupa. Mafuta ya namna hiyo hayapiti vizuri kwenye pompi na kwenye tundu dogo linalorusha mafuta ndani ya motere. Yakipita, hayawaki yote, na masizi yanaziba. Chavanne hakubadilisha motere, alibadilisha mafuta. Alichanganya mawese na pombe kali isiyo na maji, pamoja na dawa ya kuchochea. Mchanganyiko huo unajitenga: gliserini, ile inayotumika kwenye sabuni na dawa, inaondolewa, na yanabaki mafuta mepesi yanayokaribia mazuti. Tarehe 31 Agosti 1937 alipewa hati ya uvumbuzi nambari 422.877. Majira ya joto ya 1938, basi la abiria kati ya Bruxelles na Louvain, mwendo usiofika kilomita 30, lilitembea kwa mafuta hayo. Yalipopimwa kwa wepesi wa kuwaka, yalipita mazuti ya kawaida.

Ni vizuri mafundi wa motere wasikie hapa: basi lile halikunywa mawese ya jikoni. Na lutuku ya kijijini haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu ina maji. Anayemimina mawese mabichi kwenye gurupu lake ataliua.

Mwaka 1942 uchunguzi mrefu juu ya mawese kama mafuta ya motere ulitoka katika jarida la kilimo la Kongo ya Kibeleji, kwa Kifaransa. Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani, na mazuti yalikuwa ya shida. Lakini mwaka huohuo serikali ya koloni iliongeza siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, kwa ajili ya vita. Mwenye kukata ngazi alipewa siku za kazi. Kitabu hakupewa.

Na nani angekisoma? Kongo haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, mtoto wa chuo cha Louvain, mji uleule ambako basi la mawese lilikuwa likienda. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha, petroli ya bei rahisi imerudi, na hakuna aliyeuliza tena habari za Chavanne. Kongo iliendelea kuwa moja ya nchi zilizouza mawese mengi zaidi duniani, na kununua mazuti.

Leo mafuta ya aina ile yanatengenezwa viwandani Ulaya, Indonesia na Brazil. Dawa na pombe vinavyohitajika si siri tena. Kinachokosekana Kabambare ni pombe safi, mtu wa kupima mafuta kabla hayajaingia kwenye motere, na usalama wa kurudi shambani. Familia nyingi zilizokimbia ziliacha ngazi zao nyuma, na ngazi hazingoji: zikiiva bila mkataji, zinaanguka na kuozea chini.