Mbolezi isiyo na maneno: Hiroshima, wahanga na Kiswahili

Kila tarehe 6 Agosti, saa mbili na robo asubuhi, kengele hulia mjini Hiroshima na watu husimama kimya kwa dakika moja. Ndiyo saa ambayo bomu la atomiki la Marekani lililipuka juu ya mji huo mwaka wa 1945. Kufikia mwisho wa mwaka, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Je, maafa kama hayo huombolezwa kwa lugha gani?

Katika darasa langu la fasihi simulizi, tukifika kwenye mbolezi, nina mazoea ya kuwachezea wanafunzi muziki wa Krzysztof Penderecki, mtunzi wa Poland aliyefariki 2020. Kazi hiyo aliitunga 1960 kwa ala 52 za nyuzi: fidla 24, viola 10, chelo 10 na besi 8. Hakuna anayeimba. Wapigaji huanza kwa sauti ya juu kabisa ambayo kila ala inaweza kuitoa, kisha hugonga mbao za ala zao na kukwaruza nyuzi mahali ambapo mwalimu yeyote wa muziki angekukemea ukipagusa. Sauti hurundikana zikakaribiana mno, hata sikio likashindwa kuzitenga. Mwanzoni wako wanaocheka. "Prof, spika imeharibika?" Dakika ya tatu hivi, kimya.

Nikishawatajia kuwa huu ni muziki wa kuwaombolezea watu wa Hiroshima, wote ghafla husikia ndege za vita, ving'ora na mayowe. Hapo ndipo huwapa kisa chenyewe. Kumbe Penderecki alipokuwa akiandika hakuwa na Hiroshima akilini! Jina la kwanza lilikuwa muda tu wa kuupiga muziki huo: dakika 8 na sekunde 37. Ni baada ya kuusikia ukipigwa ndipo uzito wake ulipomgusa, akatafuta msiba unaolingana nao. Mwaka wa 1961 ukatuzwa na UNESCO mjini Paris, na tangu hapo kila ukumbi wa okestra unaujua kwa jina la Hiroshima.

Wapo wanaouona huo kuwa ulaghai, ati alibandika msiba wa wenzake juu ya majaribio yake ya sauti. Mimi siafiki. Mpiga nyatiti anayealikwa matangani haji na tuni mpya kwa kila maiti. Tuni anayo tayari. Kinachoingia humo ni jina la marehemu, ukoo wake na matendo yake. Jina ndilo hugeuza sauti kuwa kilio cha mtu fulani. Lakini basi, ikiwa kazi yote imetwikwa jina, sharti jina lenyewe lipimwe vizuri, na hapa mtafsiri wa Kiswahili ana shughuli.

Kwa Kipolandi kichwa cha kazi hii kina neno "tren". Huo ni utanzu unaoheshimika huko tangu Jan Kochanowski alipochapisha tungo za kumlilia bintiye Urszula mnamo 1580. "Mbolezi" inatosha kabisa. "Tanzia" ningeiachia magazeti na redio. Tatizo ni neno la pili, "ofiara". Mpolandi hulitumia kwa aliyedhurika na pia kwa sadaka inayotolewa madhabahuni. Linaoana na "mhanga" kana kwamba ni ndugu, maana nasi husema mtu amejitoa mhanga. Ndiposa wengi hukimbilia "Wahanga wa Hiroshima".

Mie neno hilo hunikwama kooni. Sadaka huwa na anayeitoa na sababu ya kuitoa. Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi walikuwa nje wakibomoa nyumba ili kuacha nafasi za kuzuia moto usisambae. Walikuwa sadaka ya nani? Magazeti yetu ya Kenya siku hizi hupendelea "waathiriwa", na japo baadhi ya wenzangu hulidharau kwa kuwa halina makali, liko karibu na Kijapani "hibakusha", yaani mtu aliyepatwa na bomu. Hilo hutumika kwa walionusurika, ambao chama chao, Nihon Hidankyo, kilitunukiwa Nobeli ya Amani 2024. Ni kweli aliye hai haimbiwi mbolezi. Hata hivyo, nikishikwa koo nichague, nitaandika "waathiriwa".

Nina sababu nyingine, nayo iko karibu na nyumbani kuliko tunavyodhani. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliounda bomu hilo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji. Kampuni ya Union Minière ilikuwa na zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York tangu 1940. Yalichimbwa na Wakongo, wengi wao kwa mikono, katika migodi ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kazi. Maagizo ya kuchimba na kubeba mawe hayo yalitolewa kwa lugha hii ninayoandikia. Hakuna aliyewaambia wachimbaji yanakwenda kufanya nini, wala vumbi lake lina nini ndani.

Kichwa cha Penderecki hakiwataji. "Waathiriwa", likiachwa bila jina la mji, lina nafasi yao.