Impreza WRX ya zamani: Uzima wa injini kwanza, nguvu baadaye

SUBARU Impreza WRX ni miongoni mwa magari ya kasi ya miaka ya 1990 ambayo bado yanaonekana katika barabara za Nairobi. Mlio wake mzito wa kukatakata hulitambulisha kabla halijafika, na vijana wengi huwa na ndoto ya kulimiliki siku moja.

Hata hivyo, magari ya kizazi cha kwanza, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1992 na 2000, sasa yana umri wa miaka 25 na zaidi. Kwa kuwa Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa kwa magari ya mitumba yaliyozidi umri wa miaka minane, mengi yake yamekuwa nchini kwa muda mrefu na kupitia mikononi mwa wamiliki kadhaa.

Mmiliki mpya aghalabu huanza na vitu vinavyosikika na kuonekana: ekzosi pana, vali ya kupuliza hewa na shinikizo kubwa la turbo. Injini iliyochoka hubebeshwa mzigo ambao haikuundiwa, na haichukui muda kabla ya pistoni kupasuka au beringi kusagika. Gharama ya kuijenga upya inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe.

Mafundi wa magari haya husisitiza kanuni moja: gari lirejeshwe kwanza katika hali liliyotoka nayo kiwandani, ndipo lifikiriwe kuongezewa nguvu. Kazi nyingi za hatua hiyo ya kwanza zinaweza kufanywa nyumbani na mtu mwenye subira na vifaa vinavyofaa.

Chimbuko la sifa zake

Impreza WRX iliingia sokoni nchini Japani mwishoni mwa mwaka 1992. Injini yake ya EJ20 ina ukubwa wa karibu lita mbili, turbo na silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Toleo la kwanza lilikuwa na nguvu za farasi 240 katika gari lenye uzito wa takriban kilo 1,200. Kufikia mwaka 1996, toleo la STI lilitangazwa kuwa na nguvu 280.

Sifa za gari hilo zilikuzwa na mashindano ya dunia ya mbio za magari, ambako Subaru ilitwaa taji la watengenezaji kwa miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Nchini Kenya, Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally ya mwaka 1994 akiwa na Impreza. Colin McRae alishinda mashindano hayo mwaka 1997, naye Richard Burns akashinda mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza.

Ushindi huo ulipatikana kwa magari yaliyofunguliwa na kukaguliwa na mafundi mara kwa mara. Gari la nyumbani halina kikosi kama hicho, hivyo jukumu hilo humwangukia mwenye gari.

Usalama na vifaa

Kabla ya kazi yoyote, gari liegeshwe mahali palipo tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yazuiwe kwa vipande vya mbao au mawe. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Lazima liwekwe juu ya stendi za chuma. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto.

Kifaa muhimu baada ya spana za kawaida ni spana ya kupimia mkazo. Hedi na blok za injini hii ni za aluminiamu, na bolti iliyokazwa kwa kukisia huweza kung'oa nyuzi za tundu lake. Mwongozo wa huduma wa toleo husika ndio unaopaswa kufuatwa kwa vipimo vyote.

Kuisoma injini

Hatua ya kwanza ni kufahamu hali halisi ya gari. Matoleo mengi ya miaka hiyo yana njia rahisi ya kujieleza. Chini ya dashibodi upande wa dereva huwa na viunganishi viwili vyeusi vya nyaya. Vikiunganishwa na swichi kuwashwa bila injini kuungurumishwa, taa ya kuonya kuhusu injini humetameta. Mmeto mrefu huhesabiwa kuwa kumi na mfupi kuwa moja.

Kwa hesabu hiyo, namba 21 huashiria hitilafu katika kihisi cha joto la maji, 22 kihisi cha mgongo wa injini, na 23 kihisi cha kupima hewa. Namba 22 haipaswi kupuuzwa. Kihisi hicho ndicho kinachoiarifu kompyuta kwamba mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Umri hukipasua, na gari hupoteza nguvu kwa sababu kompyuta hujihami kwa kurudisha nyuma wakati wa kuwasha mafuta. Wapo wanaoongeza turbo kujaribu kufidia nguvu hizo, kumbe dawa ilikuwa kubadilisha kihisi.

Kinachofuata ni kupima mgandamizo wa silinda zote nne. Jambo la kuangaliwa zaidi ni ulinganifu. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, huenda pistoni au ringi zake zimeharibika, na hapo mpango wa kuongeza nguvu husimama mpaka injini ifunguliwe.

Oili, maji na mkanda

Oili ndiyo uhai wa injini hii. Hubeba karibu lita 4.5, na oili hiyo hiyo hulainisha beringi za kitako cha injini na za turbo. Injini kuukuu yenye turbo inaweza kula oili bila kutoa dalili, kisha upungufu ukajitokeza gari linapokata kona kwa kasi na pampu kunyonya hewa badala ya oili. Kwa sababu hiyo kijiti cha kupimia kikaguliwe kila wiki na kabla ya safari ndefu. Kumwaga oili na kubadilisha chujio kila kilomita 5,000 ni gharama ndogo ikilinganishwa na beringi mpya.

Baada ya mwendo wa kasi, inafaa kuendesha taratibu kwa dakika chache za mwisho wa safari. Turbo huwa na joto kali, na injini ikizimwa ghafla oili iliyobaki ndani yake huungua na kuacha masizi.

Kwa upande wa maji ya kupoza, kosa la kawaida ni kuacha hewa ndani. Injini yenye turbo ina tangi dogo juu, karibu na turbo, lenye kifuniko chake. Mfumo hujazwa kupitia hapo polepole, injini huwashwa mpaka feni zizunguke, kisha hujazwa tena ikisha kupoa. Mapovu yasiyokwisha kwenye tangi la akiba huweza kuwa dalili ya gasketi ya hedi iliyopasuka. Maji ya bomba pekee hayafai, kwani huleta kutu na ukoko ndani ya mfumo.

Mkanda wa taiming ndio wenye hatari ya ghafla kuliko vyote. Mkanda mmoja huzungusha kamshafti nne. Ukikatika au kuruka meno, pistoni hugonga vali na hedi zote mbili huweza kuharibika kwa sekunde moja. Ratiba ya kawaida ni kuubadilisha kila kilomita 100,000, lakini mita ya gari la mitumba haiaminiki kila mara. Ambaye hana ushahidi wa lini ulibadilishwa aubadilishe mara anaponunua gari, pamoja na kikaza mkanda, vigurudumu vyake na pampu ya maji. Kazi hii huhitaji kulinganisha alama kwa makini, na asiyewahi kuifanya ni bora asimamiwe na fundi mzoefu.

Breki na tairi

Gari lenye nguvu 240 lisilosimama ni hatari kwa dereva na kwa wapita njia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa na hivyo huchemka mapema yanapopata joto, kama wakati wa kuteremka milima mirefu. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili kwa aina ya DOT 3 au DOT 4, kulingana na maelekezo ya gari. Mipira ya breki iliyovimba au kupasuka, bushi zilizolegea na shokamzoba zinazovuja zishughulikiwe kabla ya kununua ekzosi.

Tairi nazo zina kanuni yake. Gari hili huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Katika matoleo ya gia za mkono, difu ya kati hugawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma huzunguka kwa kasi tofauti hata gari likienda moja kwa moja, na difu hiyo hufanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Tairi zote nne ziwe za ukubwa na aina moja, na zilingane kwa kulika. Wanunuzi wa tairi za mitumba hupatwa na hasara hii mara nyingi.

Nguvu za ziada

Baada ya hayo yote, ndipo mwenye gari anaweza kufikiria kuongeza nguvu. Hapa ni lazima kuelewa kwamba kila kifaa hugusa kingine.

Vali inayopuliza hewa nje, inayopendwa kwa mlio wake, ni mfano mzuri. Kihisi cha hewa huwa tayari kimeipima hewa ile na kompyuta kutoa mafuta yanayolingana nayo. Hewa ikitupwa nje, mafuta hubaki mengi kuliko hewa na gari hutoa moshi mweusi kati ya gia. Vali ya kiwandani huirudisha hewa ndani ya mfumo, na kwa gari la barabarani inatosha.

Ekzosi pana nayo hupunguza kizuizi nyuma ya turbo, na shinikizo huweza kupanda kupita kiwango kilichokusudiwa. Hewa ikizidi na mafuta yasiongezeke, joto hupanda, injini huanza kugonga na pistoni huvunjika kati ya ringi. Ndiyo maana mabadiliko ya ekzosi na turbo hufuatwa na marekebisho ya kompyuta, yakifanywa na mtu anayepima uwiano wa hewa na mafuta. Kompyuta nyingi za miaka hiyo si rahisi kuandikwa upya kama za magari ya baadaye, hivyo baadhi ya wamiliki hulazimika kufunga kompyuta mbadala.

Petroli ni kikwazo kingine. Nchini Japani, kiwango cha taifa cha petroli ya daraja la juu ni oktani isiyopungua 96, na vituo vingi huuza yenye takriban 100. Petroli ya kawaida ya Kenya haifiki hapo, na ikichanganywa na mafuta taa oktani hushuka zaidi. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kukomesha uchanganyaji. Kwa hiyo mipangilio iliyonakiliwa kutoka kwa gari la Japani haifai kuingizwa hapa bila kupimwa upya.

Mwinuko pia una nafasi yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko la Mombasa. Turbo iliyofungwa kidhibiti cha mkono na kurekebishwa Nairobi mpaka kikomo cha usalama itasukuma hewa nzito zaidi ikifika pwani, tena kwenye joto kali. Gari lililotulia katika mitaa ya Nairobi laweza kuanza kugonga baada ya safari ya kilomita 480.

Sheria na bima

Mmiliki anayebadilisha injini au rangi ya gari anapaswa kuandikisha mabadiliko hayo katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Namba ya injini isiyolingana na stakabadhi huleta matatizo wakati wa ukaguzi na wa kuuza. Kampuni ya bima nayo ijulishwe mapema kuhusu vifaa vilivyoongezwa, kwani kuficha mabadiliko huweza kuwa sababu ya kukataliwa kwa dai.

Aidha, ni muhimu kuweka daftari la gari. Kila kazi iandikwe pamoja na tarehe, kilomita na kipuri kilichotumika, na stakabadhi zihifadhiwe. Daftari hilo ndilo litakalomwambia mwenye gari ni lini mkanda unapaswa kubadilishwa, na ndilo litakalomthibitishia mnunuzi wa baadaye kwamba gari halikutelekezwa.

Wengi waliolirejesha gari hili katika hali yake ya kiwandani, likiwa na mgandamizo sawa, breki imara na tairi zinazolingana, wamegundua kwamba nguvu 240 zinatosha kwa barabara za jiji na za mikoani. Anayetaka zaidi ya hapo atakuwa angalau anaanza na injini nzima.