Bondi za haidrojeni katika maji na alkoholi

Bondi ya haidrojeni ni mvutano kati ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya molekuli jirani. Pombe ya mtama ya Singida, na gongo pia, kwa sehemu kubwa ni maji na ethanoli zilizoshikana kwa bondi hizo. Ukichanganya mililita 50 za maji na 50 za ethanoli utapata takriban 96, si 100, na chombo kitapata joto. Mwingiliano huohuo huchangia kuuzuia mtambo wa gongo, hata pombe ikichemshwa upya mara nyingi, usivuke ethanoli asilimia 95.6 kwa uzito.

Ushahidi wa bondi hizo hutoka kwenye spektroskopia ya infraredi. Ethanoli ikiwa mvuke, kundi lake la oksijeni na haidrojeni hufyonza mnururisho karibu na namba ya wimbi 3,670 kwa sentimita. Ikiwa kimiminika, mkanda huo wa ufyonzaji hushuka hadi karibu 3,350 na kutanuka mno. Utanukaji huo ni kero, kwani maji, yenye kundi hilohilo, hufunika karibu kila kitu. Hivyo mpimaji wa kiasi cha alkoholi hukimbilia bondi ya kaboni na oksijeni: karibu 1,045 kwa ethanoli, 1,015 kwa methanoli, tofauti inayosaidia kugundua pombe iliyotiwa sumu. Mbinu nyingine ya spektroskopia, ya Raman, husumbuliwa na maji kwa kiasi kidogo zaidi.